FAHAMU: Namna kristali inavyogeuza rangi ya mwanga, na sababu tochi ya leza ya kijani inaweza kuua jicho

Kuko tochi ndogo za leza ambazo zinauzwa sokoni, zile zinazotoa mstari wa kijani unaofika mbali sana usiku. Watu wengi wanazijua. Waalimu wanaonyeshea ubaoni, vijana wanachezea barabarani, na wazazi wengine wanazinunuliaka watoto kama mchezo.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba, ndani ya nyingi kati ya tochi hizo, mwanga wa kijani hauzaliwi ukiwa kijani. Unazaliwa ukiwa mwanga ambao jicho la mtu haliwezi kuona hata kidogo. Halafu unapita ndani ya kijiwe kidogo kinachong'aa, kristali, na ndipo unatoka kijani. Wataalamu wa fizikia wanasema kristali hiyo imezidisha frekansi ya mwanga mara mbili.

Kazi hiyohiyo inafanyika pia ndani ya maabara makubwa, kwa leza zinazotoa mwanga kwa mapigo mafupi kupita kiasi. Katika makala hii tunaeleza inavyofanyika, nani aliigundua, inatumika kwa nini, inahusiana namna gani na mawe yanayochimbwa katika udongo wetu, na tufanye nini ili tochi hizo zisiharibu macho ya watoto.

Rangi ni frekansi

Kila siku kwenye redio tunatajaka frekansi. Redio inayosikika kwenye megahertz 100, maana yake wimbi lake linatikisika mara milioni 100 kwa sekonde moja. Ukitoka kidogo pembeni ya namba hiyo, haupati kitu.

Mwanga nao ni wimbi la jamii moja na wimbi la redio. Tofauti ni kwamba unatikisika haraka zaidi. Mwanga mwekundu unatikisika karibu mara miliari 430,000 kwa sekonde moja. Mwanga wa zambarau unafika karibu miliari 750,000. Jicho linapokea tofauti hiyo na kuisoma kama rangi.

Kwa sababu namba hizo ni kubwa mno, wataalamu wanapenda kupima urefu wa wimbi lenyewe, kwa kipimo cha nanometre. Nanometre 1 ni metre moja iliyogawanywa mara miliari 1. Mwanga mwekundu uko karibu na nanometre 700, wa kijani karibu na 530, wa zambarau karibu na 400. Juu ya 700 kuko mwanga wa infraruji, ambao hatuuoni. Chini ya 400 kuko ultravioleti, ambayo pia hatuioni lakini ndiyo inayochoma ngozi kwenye jua.

Hesabu ni rahisi: ukizidisha frekansi mara mbili, urefu wa wimbi unabaki nusu. Infraruji ya nanometre 1,064 inakuwa kijani cha 532. Mwanga wa nanometre 800, ambao jicho karibu haliuoni, unakuwa wa 400, bluu inayoelekea zambarau.

Sawa vile bafle iliyofunguliwa kupita nguvu

Kila mtu amekwisha kusikia bafle ikilia kwenye arusi au kwenye ibada ya nje. Kama volime ni ya kadiri, sauti inatoka vile ilivyoingia. Fundi akifungua kupita nguvu ya bafle, sauti inaanza kukwaruza. Ndani ya kukwaruza huko kuko sauti mpya ambazo mwimbaji hakuziimba, na mojawapo ni ile yenye frekansi mara mbili ya sauti yake.

Mafundi wa redio wanaijua shida hiyo pia. Mashini ya kurusha matangazo kwenye megahertz 100, kama haina chujio nzuri, inaweza kutupa wimbi lingine kwenye megahertz 200 na kusumbua watu wengine.

Ndani ya kristali mambo ni hayohayo. Kila jiwe, kila kioo, kina elektroni ndani yake. Mwanga ukipita, unazitikisa elektroni hizo kwenda na kurudi. Mwanga ukiwa hafifu, elektroni zinafuata vizuri, na mwanga unatoka na rangi yake ileile. Mwanga ukiwa na nguvu sana, elektroni zinashindwa kufuata sawasawa, zinakwaruza kama bafle, na zinatoa mwanga wa frekansi mpya.

Lakini si kila kitu kinaweza kufanya kazi hii. Kioo cha dirisha hakifai, maji hayafai. Ndani ya vitu hivyo, elektroni ikisukumwa upande wa kuume au wa kushoto ni sawasawa tu, basi kinachozaliwa upande mmoja kinafutwa na upande mwingine. Inahitajika kristali ambayo atomu zake zimepangwa kwa namna isiyolingana, ambamo kusukuma upande mmoja ni rahisi kuliko upande wa pili. Quartz ni mfano mmoja.

Kuko na namna nyingine ya kueleza. Mwanga unasafiri kama punje ndogondogo za nguvu zinazoitwa fotoni. Ndani ya kristali, fotoni mbili za infraruji zinaungana na kuwa fotoni moja ya kijani yenye nguvu ya zile mbili pamoja. Hakuna nguvu mpya inayoumbwa hapo. Ni sawa na kutoa noti mbili za franga 500 na kupokea noti moja ya 1,000.

Alama ndogo iliyofutwa gazetini

Leza ya kwanza iliwaka tarehe 16 mwezi wa 5, mwaka 1960, huko California, Marekani, mikononi mwa Theodore Maiman. Ilitumia kijiti cha rubi na ilitoa mwanga mwekundu wa nanometre 694.

Mwaka uliofuata, 1961, Peter Franken na wenzake watatu wa Chuo Kikuu cha Michigan walielekeza leza ya rubi ndani ya kipande cha quartz. Upande wa pili walipata ultravioleti ya nanometre 347, nusu kamili ya ule urefu wa kwanza. Ilikuwa kidogo sana, alama ndogo tu kwenye picha. Gazeti la sayansi la Physical Review Letters lilipochapisha makala yao, alama ile ilifutwa, kwa sababu ilidhaniwa kuwa ni uchafu. Basi picha iliyotangaza ugunduzi huo ikatoka bila ugunduzi wenyewe ndani yake. Wanafizikia wanaisimuliaka mpaka leo.

Nicolaas Bloembergen, mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Marekani, ni mmoja wa walioandika hesabu za jambo hili. Mwaka 1981 alipata sehemu ya tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kusukuma gari kwenye matope: wote pamoja

Kwa nini Franken alipata mwanga kidogo hivyo? Jibu wanalijua wote waliopita barabara zetu wakati wa mvua. Gari likikwama kwenye matope, watu kumi wanaweza kulisukuma na lisitoke, kama kila mmoja anasukuma kwa wakati wake. Mmoja akihesabu "moja, mbili, tatu" na wote wakasukuma pamoja, linatoka.

Ndani ya kristali, kila tabaka linatoa mwanga mpya kidogo. Lakini mwanga wa rangi mbalimbali hausafiri kwa mwendo mmoja ndani ya jiwe. Mwanga wa zamani unatangulia, ule mpya unachelewa. Baada ya sehemu ndogo ya milimetre, mwanga unaozaliwa mbele haupatani tena na ule uliozaliwa nyuma, na badala ya kujumlishana, unafutana.

Dawa ya shida hiyo ilipatikana mwaka 1962. Joseph Giordmaine wa maabara ya Bell, na kundi la Paul Maker katika maabara ya kampuni ya magari ya Ford, walionyesha kila mmoja upande wake kwamba kuna kristali ambamo mwendo wa mwanga unategemea pia upande ambao wimbi linatikisikia. Ukigeuza kristali kwa pembe inayofaa, unaweza kufanya mwanga wa zamani na mwanga mpya uende hatua moja. Hapo wote wanasukuma pamoja, na mwanga mpya unaongezeka mara nyingi sana.

Ndiyo maana, ndani ya maabara, kristali hizi zinafungwa kwenye vishikio vyenye skrubu ndogo sana. Ukikosea pembe kidogo tu, mwanga mpya unapotea.

Mapigo mafupi: nguvu kubwa kwa wakati mdogo

Kristali inakwaruza pale tu mwanga una nguvu kubwa. Na kuna kanuni muhimu hapa: ukiongeza nguvu ya mwanga mara mbili, mwanga mpya unaongezeka mara nne. Ukiongeza mara kumi, unaongezeka mara mia moja. Kwa hiyo ni faida kuukusanya mwanga sehemu ndogo na kwa wakati mfupi, badala ya kuutandaza.

Ndipo zinapoingia leza za femtosekonde. Femtosekonde 1 ukiilinganisha na sekonde 1, ni sawa vile sekonde 1 ukiilinganisha na miaka zaidi ya milioni 31. Mwanga, ambao kwa sekonde moja unaweza kuzunguka dunia mara saba na nusu, kwa femtosekonde 100 unatembea sehemu ndogo tu ya milimetre, pungufu ya unene wa unywele.

Chukua mpigo mmoja wa mwanga wenye nguvu ya milijuli 1. Hiyo ni nguvu ya kuinua kitu cha gramu 1, punje mbili au tatu za maharagi, kwa sentimetre 10. Si kitu. Lakini kama nguvu hiyo inatolewa yote ndani ya femtosekonde 100, basi kwa ule muda mdogo inafika megawati 10,000. Mabwawa ya Inga 1 na Inga 2, yakiwa pamoja na mashini zote zinafanya kazi, yamejengwa kutoa megawati 1,775. Ule mpigo mdogo unayapita zaidi ya mara tano, ila unamalizika kabla ya kitu chochote kupata nafasi ya kuwaka.

Leza inayotumika sana kwa mapigo haya ni ya yakuti yenye titani ndani yake, iliyobuniwa na Peter Moulton mwaka 1982, na mwanga wake uko karibu na nanometre 800. Kuhusu namna ya kuyapa mapigo mafupi nguvu kubwa bila kuvunja mashini yenyewe, Gérard Mourou wa Ufaransa na Donna Strickland wa Kanada waliionyesha mwaka 1985, na walipata nusu ya tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2018.

Kwa nini kristali inakatwa nyembamba

Mtu anaweza kuuliza: kama kristali ndiyo inayofanya kazi, kwa nini wasiweke kubwa? Kwa leza ya kawaida, kweli, ndefu inasaidia. Kwa mapigo mafupi, hapana.

Tuseme motari wawili wameondoka pamoja, mmoja ana pikipiki yenye mwendo kuliko mwenzake. Baada ya metre kumi bado wako karibu. Baada ya kilometre kumi, hawaonani tena. Mpigo wa nanometre 800 na ule mpya wa 400 ni hivyo. Kwenye kristali inayoitwa BBO, ya bariamu na boroni, iliyotengenezwa na wanasayansi wa Fujian nchini China katika miaka ya 1980, mpigo wa bluu unachelewa karibu femtosekonde 190 kwa kila milimetre moja.

Basi kama mpigo wako ni wa femtosekonde 30 na umeweka kristali ya milimetre 1, mwanga wa bluu unazaliwa mwanzo, katikati na mwisho, kila mmoja kwa wakati wake. Unatoka mpigo mrefu uliotandazwa, na ule ufupi uliogharamia pesa nyingi umepotea.

Kuna sababu ya pili. Mpigo mfupi hauna rangi moja tu. Kadiri unavyokuwa mfupi, ndivyo unavyobeba rangi nyingi zinazopakana. Kristali nene inakubali chache tu kati yake na kuacha nyingine. Nyembamba inazipokea zote. Kwa hiyo maabara wanatumia vipande vya sehemu ya kumi ya milimetre, na wanakubali kupata mwanga mpya kidogo ili wasipoteze ufupi wa mpigo.

Kazi yake ni nini?

Kazi ya kwanza ni kupima wakati. Hakuna saa inayoweza kupima femtosekonde. Wanachofanya ni kugawanya mpigo mara mbili, kisha kimoja kinapitishwa njia ndefu kidogo. Vinakutana ndani ya kristali nyembamba. Kama vimefika pamoja, mwanga mpya unatokea kati yao. Kama kimoja kimechelewa, hautokei. Kwa kila mikrometre moja inayoongezwa kwenye njia, kimoja kinachelewa femtosekonde zaidi ya 3. Ni kama kupima wakati kwa kutumia rula.

Kazi ya pili ni kutazama atomu zinavyoachana na kuungana. Katika jambo hili Afrika ina mtu wake: Ahmed Zewail, mzaliwa wa Damanhur nchini Misri, alipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1999 kwa kutumia mapigo ya femtosekonde kufuata atomu wakati wa mabadiliko ya kemia. Mpigo mmoja unaanzisha, wa pili unapiga picha. Mara nyingi mipigo hiyo miwili inahitaji rangi tofauti, na kristali ndiyo inayotoa rangi ya pili.

Kazi ya tatu ni ya kutazama mwili. Nyuzi za kolajeni, zile zinazoshikilia ngozi, mishipa na makovu, zimepangwa kwa namna isiyolingana kama kristali, kwa hiyo nazo zinaweza kuzidisha frekansi ya mwanga. Ukipitisha mapigo mafupi kwenye kipande cha ini au cha ngozi, kolajeni inang'aa yenyewe, bila kupakwa rangi. Watafiti wanaitumia kuona makovu ndani ya ini na namna uvimbe wa kansa unavyobadilisha nyama iliyo karibu nayo.

Na waganga wa macho wanaujua mwanga wa kijani wa nanometre 532. Wanautumia kuchoma kwa kipimo mishipa mibovu nyuma ya jicho la mgonjwa wa kisukari, ili asipofuke. Kumbuka jambo hili, maana linatusaidia kuelewa hatari ya tochi.

Mawe ya kwetu ndani ya habari hii

Kati ya kristali zinazojulikana sana kwa kazi hii, kuko moja ya lithiamu na niobiamu, na ndugu yake ya lithiamu na tantali. Majina haya si mageni kwetu. Koltani, inayochimbwa Rubaya katika Masisi na sehemu nyingine za mashariki, ni mchanganyiko wa madini mawili, moja lenye niobiamu na lingine lenye tantali. Machimbo ya Lueshe, katika Rutshuru, yanajulikana kwa madini ya niobiamu. Lithiamu iko Manono, katika jimbo la Tanganyika.

Tusidanganyane hapa. Niobiamu nyingi ya dunia inatoka Brazil, na inatumika zaidi kuimarisha chuma. Koltani yetu inatafutwa hasa juu ya tantali, kwa vifaa vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Kristali zinakula sehemu ndogo tu ya madini hayo.

Lakini kuna jambo la kufikiri. Ili kupata kristali, madini yanasafishwa sana, yanayeyushwa kwenye tanuru la zaidi ya digri 1,200, kisha kristali inavutwa polepole, polepole, kutoka ndani ya uji huo wa moto. Halafu inakatwa kwa pembe kamili na kung'arishwa. Mawe yanauzwa kwa kilo na kwa tani. Kristali inauzwa kwa milimetre. Ile tofauti ya bei haimo ndani ya jiwe, imo ndani ya masomo na mashini. Kijana wa kwetu anayesoma fizikia au kemia asifikiri masomo hayo hayahusu udongo anaokanyaga.

Tochi ya kijani: hatari unayoiona na ile usiyoiona

Turudi sokoni. Tochi ya leza ya kijani haitoi mapigo ya femtosekonde. Mwanga wake mara nyingi ni wa mfululizo, na nguvu yake ni ndogo. Lakini njia ni ileile: leza ndogo ya nanometre 808 inawasha kristali ya kwanza, hiyo inatoa infraruji ya 1,064, na kristali ya pili, KTP, inaigeuza kuwa kijani cha 532. Kuna tochi nyingine za sasa ambazo zinatoa kijani moja kwa moja, lakini kwa kutazama nje tu huwezi kuzitofautisha.

Kristali haigeuzi infraruji yote. Inayobaki inapaswa kuzuiwa na chujio ndogo mbele ya tochi. Kwenye tochi za bei ya chini, chujio hiyo inaweza kukosekana. Mwaka 2010, taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipima tochi kama hizo na ikakuta moja ambayo kijani chake kilikuwa hafifu, lakini ilikuwa inatoa infraruji ya karibu miliwati 20.

Hatari iko hapa. Mwanga mkali tunaouona unafanya jicho lifumbe lenyewe haraka. Infraruji haionekani, basi jicho linabaki wazi. Na lenzi ya jicho inakusanya mwanga huo kwenye nukta moja ya retina, ngozi ya nyuma inayoona. Retina haisikii maumivu. Mtoto anaweza kuungua asilie. Kidonda kikipona kinaacha kovu, na pale penye kovu hapaoni tena. Hakuna dawa ya matone inayorudisha.

Basi tufanye hivi:

- Tochi ya leza si mchezo wa watoto. Usimnunulie mtoto, hata kama muuzaji anasema ni ndogo.
- Usiielekeze kamwe kwenye uso wa mtu au wa mnyama, wala kwenye kioo cha kujitazamia, maana mwanga unarudi.
- Usimulike motari, dereva, au ndege inayoshuka. Anayepofushwa sekonde mbili usiku anaweza kuua watu.
- Usiamini tu namba iliyoandikwa kwenye tochi. Kipimo kinachokubalika kwa matumizi ya watu wa kawaida ni chini ya miliwati 1, lakini nyingine zinaandikwa kidogo na kutoa nyingi.
- Tochi yenye kijani kilichofifia si salama zaidi. Inaweza kuwa kristali inafanya kazi vibaya na infraruji inatoka nyingi.
- Kama mtu ametazama leza na sasa anaona doa jeusi au ukungu katikati, aende kwa munganga wa macho siku hiyohiyo. Asitie majani, maziwa au dawa ya mtaani ndani ya jicho.

Mwanga wa nanometre 532 ndio ambao munganga anatumia kuchoma nyuma ya jicho la mgonjwa, na yeye anajua kipimo, pahali na muda. Mtoto mwenye tochi barabarani hajui hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Kama iko moja nyumbani, toa betri na uiweke mbali na watoto.